Mkopo wa kujengea nyumba uingie mwanzo au uingie mwisho?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Pwani, nina umri wa miaka 38, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mwaka juzi tulinunua kiwanja cha mita 20 kwa 25 nje kidogo ya Kibaha, tukaandikishana hati ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa, ila eneo hilo bado halijapimwa. Tuna akiba ya shilingi milioni 9. Benki inayopitisha mshahara wangu iko tayari kunikopesha milioni 20 kwa miaka saba, kwa riba ya asilimia 16, na makato yatakuwa karibu laki nne kila mwezi. Kwa sasa tunalipa kodi ya nyumba laki moja na nusu. Shemeji yangu anasema tuchukue mkopo wote, tuanze msingi mara moja, kwa sababu nyumba ya vyumba vitatu ikishaanza itajimaliza yenyewe. Mume wangu anaona tujenge pole pole kwa akiba yetu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kabla hujasaini. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi, yaani kukokotoa vifaa na gharama za ujenzi, kwa zaidi ya miaka ishirini, na wengi wanaonijia huja wakati mkopo umeshaliwa na boma, yaani kuta zisizo na paa, limeishia kwenye lenta, ile zege inayopita juu ya milango na madirisha. Mume wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa naye kuna mahali nitamrekebisha. Ushauri wangu ni kwamba mkopo uchukuliwe, lakini uwe mdogo kuliko huo, wa muda mfupi kuliko huo, na uingie katika hatua za mwisho za ujenzi, pale ambapo kila shilingi ya benki inawasogeza moja kwa moja kwenye mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Tuanze na hesabu. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 inayotozwa kwenye salio linalopungua, kwa miaka saba, ina rejesho la takriban shilingi 397,000 kwa mwezi, ambalo linalingana na hilo ulilotajiwa. Hadi mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 33.4, yaani riba peke yake ni milioni 13.4. Sasa chukua milioni 10 tu, kwa riba ileile, kwa miaka mitatu. Rejesho litakuwa kama shilingi 352,000 kwa mwezi, na riba yote haifiki milioni 2.7. Makato ya kila mwezi yamepungua kidogo tu, lakini mzigo wa riba umeshuka hadi chini ya robo. Kinachokula mshahara hapa zaidi ni urefu wa muda, na ndiyo sababu huwa nasikitika kumwona mtumishi anafurahia miaka saba kwa kuwa inampa fedha nyingi kwa mkupuo.

Kabla ya kwenda mbali, muulize afisa mikopo riba hiyo inatozwa kwa namna gani. Iko riba ya salio linalopungua, ambayo ndiyo niliyotumia hapo juu, na iko riba ya moja kwa moja, ambayo hupigwa juu ya kiasi chote cha awali mwaka hadi mwaka hata kama umeshalipa nusu ya deni. Asilimia 16 ya moja kwa moja kwa milioni 20 katika miaka saba ni riba ya milioni 22.4, na deni lote linafika milioni 42.4. Asilimia ni ileile, tofauti ni milioni tisa, na hiyo ndiyo akiba yenu yote ya leo. Kwa rejesho ulilotajiwa naona wewe uko kwenye salio linalopungua, lakini omba jedwali la marejesho lililochapishwa, la mwezi hadi mwezi, ulisome nyumbani ukiwa na mume wako. Uliza pia ni kiasi gani kitakatwa siku ya kupokea, kwa ajili ya ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo, kwa sababu milioni 20 iliyoandikwa kwenye mkataba haiingii yote kwenye akaunti, na fundi hulipwa kwa kile kilichoingia.

Hoja ya shemeji yako ina nguvu moja ambayo sitaki kuipuuza: vifaa hupanda bei. Ni kweli, na bei ya nondo au bati inaweza kuruka ghafla. Hata hivyo mfumuko wa bei nchini kwa miaka ya karibuni umekuwa ukikaa kati ya asilimia 3 na 4 kwa mwaka, wakati benki inakudai asilimia 16. Kukopa leo kwa asilimia 16 ili kukwepa ongezeko la asilimia 4 ni biashara ya hasara, isipokuwa kama fedha hiyo inakuondoa kwenye kupanga mara moja. Fedha ya kuchimba msingi haikuondoi kwenye kupanga. Utaendelea kulipa laki moja na nusu ya kodi, na juu yake karibu laki nne ya benki, huku nyumba yenyewe bado ni mitaro na kifusi. Miezi michache ya hali hiyo inatosha kumfanya mtu arudi benki kuomba aongezewe mkopo juu ya mkopo, na ile miaka saba inaanza kuhesabiwa upya.

Hapa ndipo ninapomrekebisha mume wako. Kujenga pole pole kuna utaratibu wake, kwa kuwa si kila hatua ya ujenzi inaweza kusubiri. Msingi ukijengwa vizuri, ukajazwa kifusi kilichoshindiliwa na kumwagiwa jamvi, yaani zege la sakafu, unaweza kukaa mwaka au miwili bila madhara makubwa. Boma haliwezi. Tofali za saruji zilizopandishwa bila paa hunyeshewa masika mawili matatu, maji yanaingia kwa juu kwenye viungio, kuvu na majani yanaota kwenye kuta, na nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo zinaliwa na kutu. Mwaka jana niliitwa kukagua pagale moja lililokaa miaka minne. Nilishika nondo iliyochomoza kwenye nguzo ya kona, nikaikwangua kwa funguo, na kutu ikabanduka kwa magamba. Nondo iliyonunuliwa kuwa ya milimita 12 ilikuwa imekonda kiasi kwamba nilishauri nguzo nne zivunjwe na kusukwa upya. Mwenye nyumba alikuwa na mashaka ya saruji na bati peke yake, hakuwa ameweka fungu lolote la kuvunja alichokwisha kujenga.

Kwa hiyo mpango wenu ukae hivi: akiba na mshahara vibebe upimaji, ramani, kibali, msingi hadi jamvi, na tofali za boma zote zikiwa zimepangwa kiwanjani. Mkopo uje baada ya hapo, na uchukuliwe siku ambayo makadirio yanaonyesha kwamba kiasi hicho, pamoja na akiba itakayokuwa imebaki, kinatosha kupandisha boma, kufunga lenta na mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, kupaua, kuweka milango na madirisha, kuunganisha umeme na maji, na kumaliza choo kimoja na chumba kimoja cha kulala. Siku hiyo mnahama, na ile laki moja na nusu ya kodi inageuka kuwa fedha ya plasta na sakafu.

Mnaweza kufika huko? Ikiwa mshahara unaweza kuvumilia makato ya laki nne, basi unaweza pia kuweka laki nne kwa mwezi bila kuwa na deni. Miezi 18 ya nidhamu hiyo ni milioni 7.2, ambayo pamoja na milioni 9 inafika milioni 16.2 bila riba hata senti moja. Na ninyi ni wawili, si lazima itoke kwako peke yako. Jaribio hili lina faida nyingine ambayo huwa naipendekeza kwa kila mwajiriwa: litawaonyesha mapema kama familia inaweza kuishi bila hizo laki nne. Mkishindwa katika mwezi wa tatu, mtakuwa mmejifunza bila kudaiwa. Na mkifika mahali pa kukopa, kumbuka utaratibu wa utumishi kwamba makato yote yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kama una mkopo mwingine mdogo, umalize kwanza.

Pia tazameni upya hiyo nyumba ya vyumba vitatu. Sisemi msiijenge, nasema ichorwe tangu sasa kama nyumba ya awamu mbili. Awamu ya kwanza iwe na sebule, jiko, choo na bafu, na chumba kimoja kikubwa au viwili vidogo. Awamu ya pili iongeze vilivyobaki. Hili lisiachwe kwa fundi aamue akiwa kiwanjani. Mchoraji aonyeshe mapema ukuta upi utatobolewa baadaye kuwa mlango, mabomba ya maji taka yatapita wapi, na paa la pili litaungana vipi na la kwanza. Paa la migongo miwili huongezwa kwa urahisi kuliko la migongo minne. Kuhusu zile nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ambazo vijana wanazipenda, zinaokoa mbao na bati, lakini ukuta wa kufichia unakula tofali na plasta, na mfereji wa ndani ukiziba majani au ukiwekwa na fundi asiyeujua, maji yote ya masika yanashukia kwenye dari yako. Mimi nisingeweka paa la namna hiyo kwenye nyumba ya awamu mbili.

Sitakutajia bei ya nyumba nzima, kwa sababu bei ya mchanga na kokoto inayofika Maili Moja haiwezi kuwa sawa na ya Mlandizi, na ya mwezi huu haiwezi kuwa ya mwakani. Ninachoweza kukuambia kutokana na kazi zangu ni kwamba mtu anapomaliza kupaua na kudhani amebakiza kidogo, mara nyingi yuko nusu ya safari. Milango, madirisha na nondo zake, nyaya, mabomba, shimo la maji taka, plasta, dari, sakafu na rangi vinakula fedha kama boma na paa vilivyokula, na wakati mwingine zaidi. Ndiyo sababu makadirio yaandikwe na mkadiriaji majenzi kwa kufuata ramani, kila kifaa na idadi yake, kisha yaongezewe asilimia 10 hadi 15 ya dharura. Gharama ya kumlipa ni ndogo ukilinganisha na lori moja la vifaa vilivyonunuliwa kwa kukisia.

Sasa nizungumzie kiwanja, jambo ambalo ulilitaja kwa sentensi moja na ambalo linaninyima utulivu kuliko mkopo. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mlinunuliana. Haithibitishi kwamba aliyewauzia alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba eneo hilo limepangwa kuwa la makazi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uwaombe wakuonyeshe eneo lako kwenye mchoro wa mipangomiji. Uliza kama limeangukia kwenye barabara, eneo la wazi, shule, njia ya umeme mkubwa au ya reli. Wewe unaishi upande wa Barabara ya Morogoro, kwa hiyo nadhani unakumbuka mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Baadhi zilikuwa nyumba nzuri, zilizojengwa kwa miaka mingi na watu waliokuwa na karatasi kama yako. Kama kuna mto au bonde karibu, kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo.

Eneo likiwa salama, ulizeni kama mtaa wenu umo kwenye mpango wa urasimishaji, yaani kuyatambua na kuyapima makazi yaliyojengwa bila mpango, mpimwe pamoja na majirani, kwa sababu kupima kwa pamoja hugharimu kidogo kuliko kumwita mpimaji kwa kiwanja kimoja. Mpimaji akishaweka bikoni, yaani alama za mipaka, ramani ya upimaji ikaidhinishwa, na mkalipia hatimiliki, mtakuwa na vitu viwili ambavyo hamna leo. Cha kwanza ni uhakika wa mipaka. Cha pili ni kwamba mtaweza kuongea na benki kuhusu mkopo wa nyumba wenye dhamana ya hati, ambao huwa wa miaka mingi zaidi na hutolewa kwa awamu kadiri ujenzi unavyothibitishwa, tofauti na mkopo wa mshahara unaoingia wote siku moja na kuwaita ndugu wote wenye shida. Mikopo hiyo imekuwa ikiongezeka tangu Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008 na kuanzishwa kwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya kazi hii. Sikushauri kuikimbilia sasa, kwa kuwa ukishindwa kulipa nyumba ndiyo inayouzwa, lakini ni vizuri mlango huo uwe wazi kwa awamu ya pili.

Hatimiliki iandikwe majina yenu wote wawili. Nalisema hili bila kujua lolote kuhusu ndoa yenu, na namwambia kila mtu. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, lakini ridhaa inalindwa vyema zaidi pale jina linaposomeka kwenye hati. Mshahara wako ndio utakaokatwa. Jina lako lionekane.

Kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri kabla ya kuchimba, hata kama majirani hawakuomba.

Kuhusu mafundi nitakuwa na mambo machache ambayo mwenye nyumba asiye mtaalamu anaweza kuyasimamia mwenyewe. Mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, usimlipe kwa hatua inayofuata, na uzuie kama asilimia 10 hadi masika ya kwanza yapite juu ya paa. Nondo ya milimita 12 iliyo halisi, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa takriban kilo 10.7, nenda dukani na uombe ipimwe kwenye mizani, kwa kuwa nondo nyembamba zinazouzwa kwa jina la 12 zipo na macho hayazigundui. Ukuta wa tofali za nchi sita hula karibu tofali 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ukuta wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3 ni tofali kama 300; ukiletewa hesabu ya 450 una haki ya kuuliza. Na siku ya kumwaga zege la jamvi au lenta, omba ruhusa shuleni uwepo. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unahitaji kama ndoo moja na robo hadi moja na nusu ya maji, ndoo ya lita 20. Utamwona saidia fundi akimwagia maji kwa mpira ili zege liteleze na kazi iwe nyepesi. Zege linakuwa kama uji, kokoto zinazama chini na maji ya saruji yanaelea juu. Mwambie asimamishe. Likishamwagwa na kushika, limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Kazi hiyo hata mtoto wako mkubwa anaweza kuifanya akirudi shule, na ndiyo inayoamua kama jamvi litapasuka.

Saruji msiinunue kwa wingi ili kukwepa bei. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu kwenye unyevunyevu wa Pwani inaanza kuganda ndani ya mfuko. Fedha mkiwa nayo mapema, igeuzeni kuwa tofali, mzisimamie zikifyatuliwa kiwanjani kwenu na kumwagiliwa maji kwa wiki nzima, kwa sababu tofali nzuri huzidi kukomaa zinaposubiri.

Mwambie shemeji yako kwamba msingi utachimbwa, na asaidie kutafuta mpimaji. Kwa mvua zenu za Pwani, masika huanza Machi na kumalizika Mei, kwa hiyo miezi hii iwe ya halmashauri, bikoni, ramani na makadirio. Masika yakiwa yamepamba moto, nendeni kiwanjani mkaone maji yanasimama wapi na yanapita wapi, kisha chimbeni shimo la mita moja na nusu mtazame udongo: kama ni mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, msingi utabadilika na makadirio yabadilike nao. Juni, ardhi ikiwa imekauka, mtaro wa kwanza uchimbwe kwa fedha yenu wenyewe.